Nyimbo za Filamu: Ushabiki na Ukusanyaji wake, Tanga na Milima ya Usambara

Ushabiki wa nyimbo za filamu ni mapenzi ya kutafuta, kumiliki, kuhifadhi na kujadili muziki uliotungwa kwa ajili ya picha za sinema kisha ukatolewa kando ya picha yenyewe, katika sahani za santuri, kanda au diski. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga, Pemba na Unguja, na katika miji ya bara iliyopokea bidhaa na habari zake kutoka mwambao huo, kama Lushoto katika milima ya Usambara, mapenzi haya yalielekea zaidi nyimbo za picha za Kihindi, na kabla yake za Kimisri, kuliko muziki wa picha za Ulaya na Marekani. Mshabiki wa mwambao hakudharau uzuri wa santuri wala uadimu wake, lakini aliweka mbele ya yote suala la asili: mahadhi haya yametoka katika picha gani, mtungaji wake ni nani, na sauti hii ni ya nani.

Chimbuko

Muziki wa filamu una matawi mawili. Tawi la kwanza ni muziki usioimbwa, unaosikika nyuma ya vitendo na maneno ya waigizaji. Tawi la pili ni nyimbo zinazoimbwa ndani ya kisa. Huko Marekani wakusanyaji walishikamana zaidi na tawi la kwanza, hasa baada ya muziki wa Miklós Rózsa wa picha ya Jungle Book kutolewa katika santuri mwaka 1942, na zaidi sana baada ya muziki wa John Williams wa Star Wars kuuzwa kwa wingi mwaka 1977. Mkusanyaji wa huko hutaka ukamilifu: kila kipande kilichorekodiwa, kwa mpangilio wa picha, hata vile ambavyo mwongozaji alivikata.

India ilifuata njia nyingine. Picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931 ikiwa na nyimbo 7, na mwaka uliofuata Indra Sabha ikatoka na nyimbo zipatazo 70. Baadaye ukaenea utaratibu wa sauti ya kuazima, ambapo mwimbaji hurekodi wimbo kwanza, kisha mwigizaji huchezesha midomo mbele ya kamera. Kwa kuwa wimbo ulikuwa umekwisha kuwepo kabla ya picha kupigwa, uliweza kusafiri peke yake katika sahani na kuwafikia watu ambao hawajaiona picha wala hawatarajii kuiona.

Soko la santuri mwambaoni lilitangulia sinema yenye sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, nazo zikauzwa pande zote za Afrika Mashariki. Picha za Misri zilipoanza kuimba, kama Al-Warda al-Bayda ya Mohammed Abdel Wahab ya mwaka 1933 na Widad ya Umm Kulthum ya mwaka 1936, zilikuta masikio yaliyozoea santuri na vyama vya taarab vilivyokomaa, miongoni mwavyo Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoasisiwa mwaka 1905.

Zama za sahani

Sahani za zama hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao laki, zikazunguka mara 78 kwa dakika, na kila uso ukabeba wimbo wa dakika 3 na kidogo. Zilikuwa nzito na dhaifu kwa mambo mawili: zikianguka huvunjika kama kigae, na sindano ya chuma isiyobadilishwa huzikwangua hata sauti ikawa kama ya mtu anayeimba ndani ya mvua. Kwa hivyo mwenye sahani hakuwa mmiliki tu bali mlinzi. Alizifuta kwa kitambaa laini, akazisimamisha wima katika sanduku, na mgeni aliyetaka kusikia alipigiwa, hakukabidhiwa.

Kitovu cha elimu yote ya mkusanyaji kilikuwa kibandiko cha duara katikati ya sahani, ambapo huandikwa jina la picha, la wimbo, la mtungaji wa mahadhi na la mwimbaji. Lakini kibandiko nacho kiliweza kuficha. Picha ya Mahal, iliyotoka mwaka 1949 kwa mahadhi ya Khemchand Prakash, ndiyo mfano mashuhuri: katika sahani ya wimbo wake Aayega Aanewala hapakuandikwa jina la Lata Mangeshkar aliyeuimba, bali Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Aliyeinunua sahani hiyo alikuwa na sauti mkononi bila kumjua mwenyewe, na kumtafuta mwenye sauti kukawa sehemu ya raha ya kuimiliki.

Majumba ya sinema yalikuwa madrasa ya ushabiki huu. Unguja palikuwa na Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921, ikateketea kwa moto mwaka 1953, na mahali pake ikajengwa Majestic mwaka 1955. Na mji wa Tanga nao ulikuwa na Majestic yake, pamoja na Novelty. Awaara ya mwaka 1951, yenye mahadhi ya Shankar na Jaikishan, na Mother India ya mwaka 1957, yenye mahadhi ya Naushad, zilipendwa mno mwambaoni, na watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo zake kwa ghaibu, maana wakiipata kwenye uso wa mwigizaji na katika mpando na mshuko wa sauti.

Lushoto na Usambara

Lushoto, ambayo wakati wa utawala wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, imekaa katika kimo kipatacho mita 1,400 juu ya bahari, na njia ya kuifikia hupanda kutoka Mombo kupitia Soni, mwendo wa kilomita 30 na zaidi wa kona na magenge. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo kila kilichoshushwa bandarini, kitambaa, sukari, taa au santuri, kiliweza kufika chini ya mlima kwa gari moshi kisha kikapanda juu.

Hali hiyo ya nchi iligeuza mpango wa mambo. Mtu wa Tanga aliweza kuiona picha Jumapili na kuitafuta sahani yake Jumatatu. Lakini mkaazi wa Mlalo, Mtae au Bumbuli, aliyetenganishwa na majumba ya sinema ya mjini kwa mlima mzima na nauli ya kwenda na kurudi, aghalabu wimbo ulimfikia kwanza, na picha ikafuata baada ya miaka au isifuate kabisa. Chombo kilichouleta wimbo huo bila kudai nauli kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania mwaka 1965. Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ijapokuwa Zanzibar iliipata miaka ipatayo 20 kabla. Kwa hivyo kwa muda mrefu, mlimani, filamu ilikuwa kitu cha sikio kabla ya kuwa kitu cha jicho.

Milima ilikuwa pia na adui wake wa pekee kwa mkusanyaji. Mwambaoni sahani huharibiwa na joto, ikajipinda hata sindano ikapanda na kushuka kama ngalawa. Usambara, penye ukungu wa asubuhi na baridi ya kipupwe, mharibifu ni unyevu. Kuvu huota kwanza katika bahasha ya karatasi, kisha hushika kibandiko, hula gundi yake na kufifisha wino, ilhali mifereji ya sahani yenyewe ingali mizima. Hapo ndipo hupatikana kitu cha ajabu: sahani inayoimba vizuri lakini haijulikani inaimba nini.

Mijadala

Mjadala mkubwa wa mashabiki wa mwambao haukuhusu bei wala uadimu, bali uhusiano wa mahadhi ya filamu na taarab. Waimbaji wengi wa taarab walichukua mahadhi ya picha za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili, na aliyetajika kuliko wote kwa kazi hiyo ni Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa (1942–2014), ambaye baadhi ya mashairi yake alitungiwa na Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Mkusanyaji aliyekuwa na sahani ya Kihindi na santuri ya taarab pamoja aliweza kuzipiga moja baada ya nyingine na kuamua ubishi barazani.

Wako waliosema kwamba huko ni kunakili, na kwamba mwenye lugha yake na ala zake hana udhuru wa kuazima sauti ya mwingine. Waliowapinga walijibu kwa hoja ya kanuni za ushairi. Mshororo wa shairi la Kiswahili huwa na mizani 16, 8 ya ukwapi na 8 ya utao, na mkazo wa neno huanguka katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi ya Kihindi yalitungwa kwa maneno yenye silabi ndefu na fupi zilizopangwa kwa hesabu nyingine. Anayeoanisha viwili hivi hana budi kurefusha irabu hapa, kukaza pumzi pale, na kumfanya msikilizaji asihisi mshono. Kazi hiyo, walisema, si wizi bali ushonaji.

Tanga ilichukua njia yake katika suala hili. Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, ambavyo mwimbaji wake mashuhuri alikuwa Shakila Saidi, viliingiza magitaa katika taarab na kuipa mwendo wa dansi, na mtindo huo ukaenea katika miji mingine ya mwambao. Hata hivyo sikio la mshabiki halikuacha kuuliza, kila wimbo mpya ulipotoka, kama mahadhi yake yamezaliwa nyumbani au yameshuka jahazini.

Ulizo hilo lina ukoo wa zamani katika nchi hii. Msomi wa hadithi za Mtume huanza na isnadi, yaani nani kapokea kwa nani. Na katika Usambara yenyewe Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi, alikusanya masimulizi ya watawala wa Vuga kutoka vinywani mwa watu kabla hayajapotea. Mkusanyaji wa nyimbo za filamu, ajapokuwa na jambo dogo kuliko hayo, alitumia kipimo kile kile: wimbo usiojulikana ulikotoka haujapatikana wote.

Kanda na vibanda vya video

Kaseti ilipoenea katika miaka ya 1970 na 1980, ukusanyaji ulishuka bei na kupanuka. Nyimbo za picha kadhaa, Bobby ya 1973 pamoja na Sholay ya 1975, ziliweza kuwekwa katika kanda moja. Na ukanda ukiliwa na redio, mwenyewe aliuchomoa taratibu, akaunyoosha kwa vidole, kisha akaurudisha kwa kuzungusha kalamu ya wino katika tundu la kaseti. Lakini kanda zilizorudufiwa madukani zilikuja na jina la picha lililoandikwa kwa mkono, au bila jina lolote, na majina ya watungaji yakaanza kutoweka katika elimu ya mashabiki. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilikuta desturi hiyo imekwisha kuota mizizi.

Serikali nayo ilikuwa na mkono katika filamu na santuri vilevile, kwani Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968 na kupewa dhamana ya kuingiza na kusambaza filamu, ilitoa pia santuri za bendi za nyumbani. Baadaye vibanda vya video vilipoenea, akazuka mfasiri wa filamu, ambaye mashuhuri wake ni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu. Sauti yake ya Kiswahili ilikaa juu ya sauti zote za picha, na muziki ukasikika pale tu alipovuta pumzi.

Afrika Mashariki katika santuri za kigeni

Nchi hizi zimo pia katika makusanyo ya ughaibuni. Mogambo ya mwaka 1953, iliyopigwa kwa sehemu Kenya, Uganda na Tanganyika, haikutungiwa muziki wa okestra bali ilitumia ngoma na nyimbo za Waafrika. Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika upande wa Arusha, ilimpa Henry Mancini nafasi ya kutunga Baby Elephant Walk, wimbo wa ndovu mchanga unaojulikana hata na wasioijua picha. John Barry alipata tuzo za Oscar kwa muziki wa Born Free ya mwaka 1966 na wa Out of Africa ya mwaka 1985, zote mbili zilizopigwa Kenya.

Hifadhi

Sahani za zamani zinazotunzwa vema huwekwa wima, mbali na ukuta wenye maji, katika bahasha mpya zisizo na kuvu, na kibandiko hunakiliwa katika daftari mapema, wino ungali ukisomeka. Ikiwa kibandiko kimekwisha kufutika, dawa imebaki ile ile ya barazani: sahani hupigwa mbele ya mzee aliyewahi kukaa Tanga zama za Majestic, naye husikiliza mistari miwili, hufumba macho, na mara nyingi hutaja picha kabla ya jina la wimbo.