Call of Cthulhu: Mchezo ambamo maarifa hugharimu akili

WAHENGA walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ya Marekani ilitoa mchezo wa mezani uliougeuza msemo huo juu chini. Katika mchezo huo, uitwao Call of Cthulhu, giza ndilo linalomwacha mtu salama, na kila siri anayoifichua mchezaji huilipia kwa sehemu ya akili yake.

Mbunifu wake, Sandy Petersen, aliujenga juu ya hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Providence, Rhode Island, na kufariki dunia mwaka 1937 akiwa fukara. Hadithi iliyoupa mchezo jina lake ilichapishwa katika jarida la Weird Tales mwezi Februari 1928.

Hofu ya Lovecraft si ile ya majini ambayo watu wa Pwani wameisikia tangu utotoni. Jini lina jina na makao yake, na aliyelikosea huweza kulitaka radhi. Viumbe wa Lovecraft hawana habari na binadamu hata kidogo. Wametoka katika nyota za mbali, umri wao hauhesabiki, na siku wakiamka watamfuta mwanadamu bila chuki yoyote, kama mpita njia anavyokanyaga sisimizi asiyemwona.

Mchezo wenyewe hauhitaji ubao wala karata. Watu wachache huketi pamoja kwa saa kadhaa. Mmoja wao huwa msimulizi, naye huitwa Mtunza Siri; waliobaki kila mmoja huigiza mpelelezi wa kubuni, awe profesa, mwandishi wa habari, daktari au polisi mstaafu. Mchezaji hutamka anachofanya mhusika wake, msimulizi hueleza kinachotokea, na panapoingia shaka dadu huamua. Hurushwa dadu mbili za pande 10 ili kupata namba kati ya 1 na 100. Mwenye ustadi wa 60 katika fani fulani hufaulu akipata 60 au pungufu.

Mfano unaofahamika zaidi ni kisa cha nyumba ya Corbitt mjini Boston, ambacho kimewafungulia njia wachezaji wengi wapya. Mwenye nyumba anawaajiri wapelelezi wachunguze kwa nini wapangaji wake wa mwisho walipatwa na misiba na wazimu. Wanaokimbilia nyumbani humo na bunduki mkononi mara nyingi hujuta. Wenye busara huanzia katika hifadhi ya magazeti ya zamani, kisha maktaba, kisha kumbukumbu za mahakama. Hapo ndipo hufahamu ni nani aliyewahi kuishi humo, na kwamba alitaka azikwe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, miongoni mwa stadi zenye thamani kubwa katika mchezo huu ni ule wa kutumia maktaba, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika michezo ya aina hii iliyofuata nyayo za Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, ambamo shujaa huua, hupora hazina na kuzidi kuwa na nguvu. Mpelelezi wa Call of Cthulhu hubaki mtu wa kawaida. Kanuni zinaeleza kwamba Cthulhu mwenyewe akitokea, hunyakua wapelelezi kati ya 1 na 3 kila zamu. Hapo hakuna vita.

Kiini cha mchezo ni kipimo cha utimamu wa akili. Kila mhusika huanza na pointi zake, na akikutana na maiti iliyoharibiwa au kiumbe kisichoelezeka, hurusha dadu kuona atapoteza ngapi. Akipoteza 5 au zaidi kwa mkupuo, hupimwa tena, safari hii kwa akili yake. Akishindwa kuelewa alichokiona, amenusurika. Akielewa, hupatwa na wazimu wa muda. Yaani mwerevu ndiye anayeumia. Zaidi ya hayo, kadiri mpelelezi anavyojifunza habari za viumbe hao katika vitabu vya kale, ndivyo kilele cha utimamu anachoweza kuufikia kinavyoshuka, na pointi hizo hazirudi. Lakini bila vitabu hivyo mara nyingi hakuna njia ya kuwazuia wanaotaka kumwamsha mnyama. Mpelelezi hana budi kuamua ni kiasi gani cha nafsi yake yuko tayari kukitoa.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro iliyosumbua kwa miaka mingi. Ikiwa barua muhimu imefichwa katika saraka na dadu zikamkataa anayepekua, upelelezi mzima hukwama. Mwaka 2008 Kenneth Hite alitoa Trail of Cthulhu, akitumia kanuni za Robin D. Laws ambazo humpa mpelelezi mwenye ujuzi unaofaa kidokezo cha msingi bila kurusha dadu. Hoja yao ilikuwa kwamba utamu wa upelelezi ni kuunganisha vidokezo, wala si kuvipata.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 1984 Chaosium ilichapisha Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu cha Larry DiTillio na Lynn Willis, ambacho wachezaji wengi hukihesabu kuwa bora kuliko vyote. Kinaanza New York mwezi Januari 1925 kwa mauaji ya mwandishi Jackson Elias, kisha kinawapeleka wapelelezi London, Cairo, Kenya na Shanghai. Wanapofika Mombasa na kupanda treni hadi Nairobi, wanafuata nyayo za msafara wa tajiri Roger Carlyle, uliodaiwa kuchinjwa wote mwaka 1919. Wanandi walinyongwa kwa kosa hilo, na uchunguzi unaonyesha kwamba walisingiziwa.

Jambo hilo ni la kubuni, ila halikuokotwa hewani. Wanandi waliwapinga Waingereza tangu miaka ya 1890 hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Humo humo yumo kijana Johnstone Kenyatta, jina alilotumia wakati huo rais wa kwanza wa Kenya, akiwasaidia wageni kumpata mzee mwenye elimu ya siri.

Pamoja na hayo, ni kisa ambamo Mwafrika huonekana mara nyingi akiwa mtumishi wa mungu wa damu, na mzizi wa taswira hiyo ni Lovecraft mwenyewe. Barua zake zimejaa dharau kwa watu weusi na wahamiaji, na katika hadithi kadhaa damu mchanganyiko ndiyo dalili ya uovu. Mwaka 2015 tuzo ya World Fantasy ilitangaza kuacha kutumia sanamu ya kichwa chake.

Wachezaji hawakuutupa mchezo, wameuandika upya. Mwaka 2017 Chris Spivey alitoa Harlem Unbound, kitabu kinachowaweka Wamarekani weusi wa miaka ya 1920 katika nafasi ya wapelelezi, na ambacho kinamlazimu msimulizi kuutazama ubaguzi wa enzi ile bila kuukwepa. Chaosium ilichapisha toleo lake la pili mwaka 2020, miaka miwili baada ya kutoa Masks of Nyarlathotep iliyofanyiwa marekebisho makubwa na kuongezwa sura ya Peru.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua kitabu kikubwa kwanza. Chaosium hutoa bure katika intaneti muhtasari wa kanuni pamoja na kisa cha nyumba ya Corbitt. Kinachobaki ni dadu, kalamu na marafiki wawili watatu wasio na haraka ya kwenda kulala.