Mifuko ya Tandiko, toka Farasi hata Pikipiki

Wako wengi kati yenu wapandao pikipiki, ama tukutuku kama tusemavyo huku kwetu, nao hufunga mzigo nyuma kwa kamba ya mpira bila kuwaza sana. Sisi pia tulifanya hivyo siku nyingi, hata tukapatwa na jambo ambalo tutalisimulia mbele kidogo. Kwa ajili ya jambo hilo tulianza kutafuta habari za ile mifuko miwili ya ngozi inayoning'inia kuume na kushoto kwa gurudumu la nyuma: ilitoka wapi, na kwa nini kuifunga si kazi ya mtoto. Tuliona kwamba habari yake ni ya zamani kuliko pikipiki yenyewe.

Watu wa pwani ya mashariki wanayo shogi. Ni mkeka mkubwa ulioshonwa kuwa mifuko miwili, hutupwa juu ya mgongo wa punda, mfuko mmoja ubavu huu na mwingine ubavu ule. Akili yote ya shogi ni hii: uzito wa kuume unashikwa na uzito wa kushoto. Ukijaza upande mmoja na kuuacha mwingine mtupu, shogi inateremka, inazunguka, na punda anabaki kusimama katikati ya njia na mzigo chini ya tumbo. Wazungu nao walitengeneza chombo namna hiyo hiyo kwa ngozi ya ng'ombe, wakakiweka nyuma ya tandiko la farasi.

Ulio mashuhuri kati ya mizigo ya farasi ni ule wa watu wa posta wa Marekani walioitwa Pony Express. Kazi yao ilianza mwezi wa Aprili 1860, toka mji wa St. Joseph katika Missouri hata Sacramento katika California, safari ya kilometa zaidi ya 3,000, nao waliimaliza kwa siku kama kumi. Farasi mmoja hakuweza kwenda mbali kwa mbio zile, basi walimbadili kila kituo. Lakini kufungua mikanda na kuifunga tena kila mara kungaliwapotezea wakati. Kwa hiyo walibuni ngozi moja pana, jina lake mochila, yenye matundu ya kupitisha sehemu za tandiko zilizosimama, na katika pembe zake nne vijaluba vinne vya barua. Mpandaji aliivua kwa farasi aliyechoka, akaitupa juu ya farasi mpya, akaikalia. Haikufungwa kwa kitu. Uzito wa mtu ndio uliokuwa kufuli. Twastaajabu sana kwa akili ile. Posta hiyo haikudumu hata miaka miwili, maana mwezi wa Oktoba 1861 waya wa simu ulifika ng'ambo ya pili ya nchi, na farasi wakapumzishwa.

Basi, pikipiki ilipotokea ilirithi vitu vya farasi: tandiko, mpandaji, na mifuko. Kiwanda cha Harley-Davidson kilianza Milwaukee mwaka 1903. Mwaka 1916 askari wa Marekani, chini ya jenerali Pershing, waliingia Mexico pamoja na farasi na pikipiki katika msafara mmoja. Katika vita kuu ya pili kiwanda hicho kiliunda pikipiki ya jeshi iitwayo WLA, na nyingine ya namna ileile kwa jeshi la Kanada. Zote pamoja zilikuwa kama 90,000, na nyingi zilipelekwa Urusi. Ukiitazama WLA utaona bado mavazi ya askari wa farasi. Ubavuni mwa gurudumu la mbele kuna ala ndefu ya ngozi ya kutia bunduki, na nyuma kuna mifuko miwili ya ngozi yenye mikanda na bizimu, imeshikwa na keria ya chuma.

Lakini chuma si farasi. Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu mafundi wengi huruka jambo hili. Gurudumu la nyuma la WLA halina springi hata moja. Limefungwa katika chuma kigumu cha mwili. Springi ziko mbele, na nyingine chini ya tandiko. Maana yake mtu ametunzwa, bali mfuko haukutunzwa: kila jiwe linalopiga gurudumu linaupiga mfuko pia. Chupa ndani yake zinavunjika, na vitabu vinasuguana mpaka jalada linatoka. Hata hivi kuna faida moja: gurudumu na mfuko hupanda na kushuka pamoja, basi nafasi kati yao haibadiliki. Katika pikipiki za baadaye zenye springi nyuma, kama zile kubwa za Harley-Davidson tangu mwaka 1958, gurudumu hupanda peke yake, na mfuko ulioonekana kuwa mbali wakati pikipiki imesimama utaguswa watu wawili wakikaa juu. Ndiyo maana fundi mwenye akili hapimi nafasi hiyo kabla ya kuwakalisha watu juu ya tandiko.

Tena kuna hatari mbili ambazo farasi hakuzijua. Ya kwanza ni zile spoki, vyuma vyembamba vya gurudumu. Ngozi ikinyeshewa hulegea na kurefuka. Mkanda mmoja ukiingia kati ya spoki, gurudumu linaumeza mfuko mzima na kukwama. Kwa hiyo nyuma ya mfuko lazima kuwe na chuma kilichopindwa, au ubao, wa kuuzuia usiingie ndani. Hatari ya pili ni bomba la moshi. Ngozi haipendi joto: hukauka, hukunjamana, hupasuka, na mwisho huungua.

Vita ilipokwisha serikali iliuza pikipiki zake nyingi kwa bei ndogo. Vijana waliotoka jeshini walizinunua, na wengi wakavua mifuko, keria na bati la mbele ili ziende mbio. Wengine, watu wa safari ndefu, waliongeza ngozi, misumari ya kung'aa na mishipi mirefu ya pindo. Baadaye ngozi ilianza kushindana na kitu kipya. Mwaka 1962 Harley-Davidson ilipata sehemu kubwa ya kiwanda cha mashua katika mji wa Tomahawk, Wisconsin, na waliojua kuunda mashua kwa nyuzi za kioo na gundi wakawa waundaji wa masanduku ya pikipiki. Twafikiri ni haki: mashua na mfuko wa safari vina kazi moja, kuzuia maji.

Huku Afrika pikipiki ilichukua mizigo ya namna nyingine. Padri Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Oblati, alianzisha mwaka 1927 chama kiitwacho MIVA, maksudi kuwapatia wamisionari motokari, pikipiki, mashua na ndege. Rafiki yake, padri mwenzake, alikuwa amekufa kwa ugonjwa kusini magharibi ya Afrika, mbali na mganga. Na kwa kuwa nchi yetu ilitawaliwa na Ubelgiji, pikipiki za kwao zilifika kwetu pia, hasa zile za Herstal karibu na Liège, mahali palipokuwa na viwanda vya FN, Gillet na Saroléa.

FN moja ya miaka ya 1950 ilibaki katika banda la misioni yetu, imefunikwa kwa magunia. Kijana mmoja fundi wa mtaani aliifufua kwa miezi mitano. Mifuko yake tuliikuta imening'inia ukutani, migumu kama ubao. Tuliipaka mafuta siku baada ya siku mpaka ikalainika. Fundi alitaka kuishika kwa skrubu katika bati la nyuma, naye alikuwa amekwisha kuleta keekee. Tulimkataza. Tulisema: kitu cha zamani hakitobolewi; mifuko itatupwa juu kama shogi, na kamba moja chini ya tandiko itatosha. Tulisema vile kwa majivuno kidogo, maana sisi ndio tuliosoma.

Siku ile tulikuwa tunakwenda kanisa la kijijini, tumechukua rejista ya ubatizo. Mfuko wa upande wa bomba ulikuwa na rejista, funguo za fundi na mkebe wa mafuta. Mfuko wa pili ulikuwa na koti la mvua tu. Msomaji amekwisha kujua lililotokea, kwa kuwa tumemweleza habari za punda. Njiani mifuko iliteremka kidogo kidogo. Tulisikia harufu ya ngozi tukadhani ni watu wanachoma shamba. Tuliposimama, chini ya mfuko palikuwa na tundu la kupita mkono, na pembe ya rejista ilikuwa nyeusi. Mistari kumi na mmoja ya majina haikusomeka tena.

Wengine watasema, karatasi ni karatasi. Lakini huku kwetu wako watoto wengi ambao mstari ule ndio shahidi pekee wa siku yao ya kuzaliwa. Wakati wa shule, wakati wa ndoa, wakati wa kutafuta kitambulisho, watu huja kwetu kuuliza mstari ule. Tulizunguka nyumba kwa nyumba majuma mengi. Mama mmoja mzee alituuliza, «Mwalimu, jina la mjukuu wangu limeungua?» Tulimjibu, «Ndiyo, mama, sisi ndio tuliolichoma.» Aliingia ndani akatuletea kadi ya kliniki imekunjwa katika kitambaa, akatusomea tarehe polepole ili tuandike vizuri.

Kisha tulirudi kwa fundi kumwomba msamaha. Hakutucheka. Alianza kukwangua rangi chini ya bati, akatuita tuone: matundu manne, yamezibwa kwa risasi na kupakwa rangi juu, mawili kila upande. Tulileta mifuko na kuipima. Vijitundu vya shaba vilivyokuwa mgongoni mwa ngozi, ambavyo sisi tulidhani ni pambo, vililingana na matundu yale sawasawa. Kumbe mpandaji wa kwanza alikuwa amekwisha kulitoboa bati lake, na mifuko ile haikutupwa juu hata siku moja. Tulikuwa tunalinda desturi ambayo haikuwapo.

Fundi alizibua matundu, akaweka ubao mwembamba ndani ya kila mfuko, na nyuma yake chuma cha nondo kilichopindwa. Mfuko ulioungua aliushona kiraka cha ngozi ya mbuzi, akauinua hata kati yake na bomba mkono unapita bila kuhisi joto kali. Siku hizi kabla ya kuondoka twainua mifuko yote miwili kwa mikono, mmoja huku mmoja huku, tukisikia kama uzito ni sawa; rejista twaitia upande usio na bomba, ndani ya mkebe wa bati.

Majina tisa yamerudi kitabuni. Jamaa mbili zilikuwa zimehama kwenda upande wa migodi kabla hatujafika mlangoni pao, na mistari yao miwili tumeiacha wazi.