Mpaka Uliotangulia Usomaji: Israeli, Kanisa na Hermenutiki ya Theolojia ya Vipindi

Mwaka 1909 Oxford University Press ilichapa Biblia ya Kiingereza yenye maelezo ya Cyrus Ingerson Scofield, mwanasheria wa Marekani aliyekuja kuwa mchungaji. Maelezo hayo hayakutiwa mwishoni mwa kitabu wala katika juzuu la pembeni. Yaliwekwa chini ya aya zenyewe, katika ukurasa uleule, hata msomaji akawa anamsoma Isaya na Scofield kwa pamoja bila kuona wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Humo historia yote iligawanywa katika vipindi saba: kutokuwa na hatia, dhamiri, utawala wa wanadamu, ahadi, torati, neema na ufalme. Katika kila kipindi mwanadamu hujaribiwa kwa agizo jipya, hushindwa, na hukumu hufuata. Kipindi tulichomo ni cha sita. Kitafungwa kwa unyakuo wa kanisa, ifuate dhiki kuu ya miaka saba, kisha Kristo arudi na kutawala kwa miaka elfu.

Kuigawa historia katika vipindi si jambo la Scofield peke yake. Augustino alifanya hivyo, na Isaac Watts, yule mtunzi wa tenzi, alikuwa na orodha inayokaribia sana ile ya Scofield. Wala kungojea utawala wa miaka elfu si jambo jipya: Justino na Irenayo waliungojea katika karne ya pili. Charles Ryrie wa Dallas Theological Seminary aliliona hilo, na katika kitabu chake cha 1965 akasema wazi kwamba idadi ya vipindi si kiini cha mfumo huu uitwao theolojia ya vipindi. Kiini alikiweka katika mambo matatu: kutenganisha Israeli na kanisa daima, kuyasoma Maandiko yote kwa maana yake halisi ya kawaida, na kuuona utukufu wa Mungu kuwa lengo la historia. La tatu halina mgomvi. Hakuna Mkristo atakayelikataa. Mzozo uko katika mawili ya kwanza, na hasa katika namna Ryrie alivyoyaunganisha. Kwake usomaji ni chanzo na utengano ni tunda: soma unabii kama usomavyo maandishi mengine yoyote, nawe utaona mwenyewe kwamba Israeli ni Israeli na kanisa ni kanisa.

Nadai kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Mpaka kati ya Israeli na kanisa ndio uliotangulia, na usomaji wa maana halisi uliitwa baadaye kuulinda. Pale ambapo usomaji huo unautishia mpaka, ni usomaji unaoachwa.

Tuanze na historia. John Nelson Darby alizaliwa London mwaka 1800 katika familia ya Kiairishi, akasoma Trinity College, Dublin, na kupadrishwa katika Kanisa la Ireland mwaka 1826. Alihudumia maskini wa milima ya Wicklow, na kwa maelezo yake Wakatoliki wengi walikuwa wakijiunga na Uprotestanti. Kisha Askofu Mkuu William Magee wa Dublin akataka waongofu hao waape utii kwa mfalme wa Uingereza. Darby aliona kanisa limegeuzwa idara ya serikali. Mwaka 1827 alianguka kutoka farasini, na katika miezi ya kuuguza jeraha alisoma Isaya 32 na Waefeso. Akatoka na mawazo mawili: kanisa la kweli limeketi mbinguni pamoja na Kristo, na ahadi za kidunia alizozinena Isaya ni za taifa jingine, yaani Israeli. Mikutano ya unabii ya Powerscourt, iliyoanza mwaka 1831, ilimpa jukwaa, na safari zake Amerika Kaskazini, kuanzia 1862, zikayaeneza mafundisho hayo miongoni mwa wachungaji walioandaa njia ya Scofield.

Swali lililomsukuma Darby lilikuwa, kanisa ni nini? Kanuni za kusoma unabii zilikuja zikilifuata. Alihitaji kanisa lisilo na mizizi katika dunia hii, na ili alipate ilimlazimu kuihamishia kwa Israeli kila ahadi yenye udongo, mipaka na kiti cha enzi. Mtu aweza kupinga kwamba asili ya wazo haiamui ukweli wake. Ni kweli, na kwa hiyo sitaishia hapo. Lakini asili hiyo inatuonyesha mahali pa kutazama.

Tutazame basi jinsi mfumo unavyosoma hasa. Yeyote aliyekaa na Ndugu wa Plymouth, kundi la Darby, anajua jinsi wanavyoyapenda mafumbo ya hema la kukutania: kila mbao, kila ngozi, kila kitako cha fedha kina maana ya Kristo. Biblia ya Scofield inaendeleza mtindo huo. Asenathi, mke Mmisri wa Yusufu, anasomwa kuwa kivuli cha kanisa, bibi arusi kutoka Mataifa. Barua saba za Ufunuo 2 na 3, zilizoandikiwa makanisa saba ya Asia yaliyojulikana kwa majina na mitaa yake, zinasomwa pia kuwa historia ya kanisa tangu mitume hadi siku za mwisho. Hakuna kanuni ya usomaji wa kawaida inayompa mtu ruhusa hiyo. Scofield hakuficha jambo hili; alifundisha kwamba mtu anaweza kuyapa maandiko ya historia maana ya kiroho, ilimradi asikane kwamba yalitokea, lakini katika unabii maana halisi ndiyo sheria. Kwa nini mgawanyo huo? Kwa nini Mwanzo iruhusu fumbo na Zekaria ikatae, ilhali Zekaria ndiye mwenye farasi wa rangi na mwanamke ndani ya kikapu? Jibu pekee ninaloliona ni kwamba fumbo katika historia haliudhuru mpaka wa Israeli na kanisa, na fumbo katika unabii linaudhuru.

Danieli 9 inaonyesha hivyo kwa njia nyingine. Majuma sabini hufasiriwa kuwa miaka 490, na wenye mfumo huu wameyahesabu kwa uangalifu mkubwa. Robert Anderson, ofisa wa upelelezi wa Scotland Yard, alipata siku 173,880 kutoka amri ya Artashasta hadi Yesu anaingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, hesabu ya majuma sitini na tisa isiyobakiza hata siku moja. Halafu, baada ya usahihi wote huo, hesabu inasimama. Juma la sabini limengoja karibu miaka elfu mbili, na kanisa lote, na Pentekoste yake na mabaraza yake na misheni zake, limo ndani ya mabano ambayo Danieli hayataji. Haki inataka niseme kwamba Hippolito, mwanzoni mwa karne ya tatu, naye aliliweka juma la mwisho katika mwisho wa dunia. Pengo hili si buni ya Darby. Ila Hippolito hakudai kusoma kwa maana ya kawaida tu. Wasabato, walioingia Upare mwaka 1903 na ambao mara nyingi watu wetu huwachanganya na walimu wa unyakuo, huyasoma majuma hayo mfululizo, kutoka 457 KK hadi 34 BK. Sikubaliani nao kwa mengi, lakini katika ukurasa huu wao ndio wasomaji wa maana halisi.

Ezekieli 40 hadi 48 ni pagumu zaidi. Ikiwa hekalu hilo litajengwa kwa mawe katika utawala wa miaka elfu, dhabihu zake nazo zitatolewa, na nabii anasema zitakuwa za kuipatanisha nyumba ya Israeli (45:15–17). Waraka kwa Waebrania unasema palipo na ondoleo la dhambi hakuna tena toleo kwa ajili ya dhambi (10:18). Scofield alijibu kwamba dhabihu hizo zitakuwa za ukumbusho. Huenda, lakini Ezekieli hakusema ukumbusho. Wahariri wa toleo jipya la mwaka 1967 walikwenda mbali zaidi: pamoja na jibu la ukumbusho waliweka la pili, kwamba dhabihu zisichukuliwe kwa maana halisi bali kama picha ya ibada ya Israeli iliyokombolewa, iliyochorwa kwa lugha ambayo Wayahudi waliifahamu. Hilo ni jibu zuri. Ndilo ambalo Waprotestanti wengine wamekuwa wakilitoa kwa hekalu lote.

Hata hivyo mzigo wa hoja yangu uko katika Matendo 15, fungu ambalo Scofield mwenyewe alilihesabu kuwa la maana kuliko yote katika Agano Jipya kwa mpango wa vipindi. Mitume na wazee wamekusanyika Yerusalemu. Swali ni moja: je, waamini wa Mataifa watahiriwe na kushika torati ya Musa? Petro anasimulia ya Kornelio, Paulo na Barnaba wanasimulia safari yao, kisha Yakobo anasimama na kumtaja Amosi: Mungu ataijenga tena hema ya Daudi iliyoanguka, na Mataifa watamtafuta Bwana. Kwa neno hilo anatoa uamuzi. Mataifa wasitaabishwe.

Scofield anaupanga unabii huu kama ratiba. Kwanza kanisa linakusanywa. Baada ya hayo Bwana anarudi. Ndipo hema ya Daudi, maana yake ufalme wa Israeli, inasimamishwa. Tatizo ni kwamba ratiba hiyo haimsaidii Yakobo kitu. Aliyeulizwa kuhusu Mataifa walio kanisani leo angejibuje kwa habari za Mataifa wa ufalme ujao? Unabii unakuwa hoja barazani ikiwa tu kile alichokiona Amosi kimeanza: mwana wa Daudi amefufuka na kutukuzwa, hema inajengwa, na Kornelio ni mmoja wa walioingia wakimtafuta Bwana.

Tena tazama maneno yenyewe. Amosi wa Kiebrania anasema Israeli wataumiliki mabaki ya Edomu, lugha ya ushindi wa nchi. Luka anamnukuu Yakobo kwa kuifuata tafsiri ya Kiyunani, Septuaginta, ambako wanadamu waliosalia wanamtafuta Bwana. Miliki ya ardhi imekuwa utafutaji wa Mungu. Kama mwanafunzi wa leo angeifanyia hivyo aya ya unabii katika darasa linalofuata kanuni ya Ryrie, angerudishiwa karatasi yake.

Wenye mfumo wana jibu, na si dogo. Husema Yakobo hakudai unabii umetimia. Alisema tu manabii wanapatana na jambo hilo. Ikiwa katika ufalme ujao Mataifa wataokolewa wakiwa Mataifa, bila tohara, basi hakuna sababu ya kuwatahiri sasa. Nakubali kwamba kauli ya Yakobo inaweza kubeba maana hiyo. Lakini jibu hili linaigharimu theolojia ya vipindi kile inachokithamini kuliko vyote. Inafundisha kwamba kanisa ni siri ambayo manabii wa kale hawakuijua, na kwamba sheria za ufalme na sheria za kanisa zisichanganywe. Hapa mtume anachota kanuni ya kanisa moja kwa moja kutoka unabii wa ufalme. Yakobo ameuvuka mpaka, na baraza zima likamfuata.

Nisije nikaonekana kuwakana wema wao wote. Kwa karne nyingi makanisa yalifundisha kwamba Mungu amemalizana na Wayahudi, na fundisho hilo lilizaa matunda ya kutisha huko Ulaya. Warumi 11 haiwezi kusomwa hivyo, na walimu wa vipindi walilishikilia jambo hilo wakati wengine walilisahau. Na miongoni mwao wamo waliokwisha kusogea. Craig Blaising na Darrell Bock, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikiri kwamba kwa hotuba ya Petro katika Matendo 2 Kristo tayari ameketi katika kiti cha Daudi, ingawa utimilifu ungali mbele. Ryrie hakupendezwa, na kwa mantiki ya mfumo wake alikuwa sahihi: mpaka ukisogezwa na maandiko mara moja, hauwezi tena kuitwa tunda la usomaji usiokosea.

Haya si mabishano ya Dallas tu. Africa Inland Mission, iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895 na kuanza kazi Ukambani, ilikulia katika mazingira yaleyale ya mikutano ya unabii na vyuo vya Biblia vya Marekani. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyachunguza mafundisho ya misheni hiyo kuhusu siku za mwisho katika utafiti wa Cambridge uliochapwa kitabu mwaka 1971. Aliona kwamba moto, mji, hazina na mbingu vilifundishwa na kupokewa kama vitu vinavyosubiriwa mbele, huku Kristo mwenyewe, ambaye ndani yake mambo ya mwisho yamekwisha kuanza, akibaki nyuma ya vitu hivyo. Nadharia yake kuhusu wakati kwa Mwafrika imepingwa, na nadhani kwa haki. Uchunguzi wake huu wa kwanza haujajibiwa.

Kwa wakufunzi wa vyuo vyetu vya Biblia nina ombi moja. Kabla chati ya vipindi saba haijachorwa ubaoni, mwanafunzi apewe Amosi 9 na Matendo 15 bila tanbihi za mtu yeyote, aeleze kwa maandishi Yakobo alikuwa akijibu swali gani.