Mkate wa Dresden na Mawe Yake Meusi

Mkate wa Krismasi wa Dresden, mji wa Sachsen nchini Ujerumani, huitwa Stollen. Ni mzito, umejaa zabibu kavu, lozi na maganda ya machungwa yaliyokolezwa sukari. Ukitoka tanurini hupakwa siagi iliyoyeyushwa, kisha humiminiwa sukari ya unga hadi uwe mweupe pe, na wenyeji husema umbo lake ni la mtoto Yesu aliyeviringishwa nguo.

Haukuanza hivyo. Katika karne ya 15 Majilio yalikuwa majira ya kufunga, na Kanisa lilikataza siagi. Waokaji walikanda unga kwa maji na mafuta, wakapata mkate mkavu usio na ladha. Watawala wa Sachsen wakamwomba Papa alegeze kamba. Ruhusa ilikuja mwaka 1491 katika waraka wa Papa Innocent VIII, na Wajerumani wanauita “barua ya siagi” mpaka leo. Ruhusa hiyo haikuwa ya bure: mla siagi alipaswa kutoa fedha kwa Kanisa.

Soko la Krismasi la mji huo ni la zamani kuliko barua hiyo. Mwaka 1434 mtawala Friedrich II aliruhusu soko la nyama la siku moja, ili watu wapate kitoweo mfungo ukiisha. Siku hiyo moja imezaa Striezelmarkt ya sasa, inayochukua karibu Majilio yote katika uwanja wa Altmarkt, na Striezel ni jina la kale la mkate uleule. Vibandani utakuta vinyago vya mbao kutoka milima ya Erzgebirge, nchi ya machimbo ya fedha na bati. Madini yalipopungua, wachimbaji walishika visu wakachonga, na leo wajukuu wao wanaishi kwa kazi hiyo.

Wengi hula, hununua, wakaondoka. Kwa maoni yangu, anayeishia sokoni hajaiona Dresden.

Usiku wa 13 Februari 1945 ndege za Uingereza ziliushambulia mji kwa mabomu ya moto, na za Marekani zikafuata mchana wa kesho yake. Watu wapatao 25,000 walikufa. Maiti zilikuwa nyingi kiasi kwamba 6,865 kati yake zilichomwa moto palepale Altmarkt, uwanja huuhuu ambapo leo watoto hula peremende. Na haki inadai jambo hili nalo lisemwe: moto wa Dresden haukuanza siku ile. Tarehe 9 Novemba 1938 Wanazi walikuwa wamekwisha kulichoma sinagogi la mji, na majirani wa Kiyahudi waliosali humo wakasakwa na kupelekwa kuuawa.

Kanisa la Frauenkirche, lililojengwa kati ya 1726 na 1743 kwa ramani ya George Bähr, lilistahimili mabomu siku mbili. Asubuhi ya 15 Februari nguzo zake, zikiwa zimedhoofishwa na joto la moto, zilishindwa kubeba kuba lile la mawe, na lote likaporomoka. Kifusi kililala pale zaidi ya miaka 40 chini ya serikali ya kikomunisti. Mwaka 1982 vijana walianza kwenda hapo na mishumaa kila 13 Februari, kimyakimya, mbele ya dola isiyopenda mikusanyiko.

Ujenzi mpya ulianza 1994, na kanisa likawekwa wakfu tena 30 Oktoba 2005. Sogea karibu na ukuta wake. Mawe mapya ni ya rangi ya maziwa; katikati yake yamepachikwa mawe meusi, yale yaliyookotwa kifusini na kurudishwa ukutani. Msalaba wa juu ulitengenezwa na Alan Smith, sonara wa London, ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale. Ule wa kale, uliopindwa na moto, umesimama ndani.

Msomaji wa Kilimanjaro ana sababu yake ya kuujua mji huu. Shirika la misheni lililofika mlimani mwaka 1893, likijulikana kwa jina la Leipzig, lilianzishwa Dresden mwaka 1836. Bruno Gutmann, mchungaji wa Moshi aliyeandika kwa kina juu ya mila za Wachagga, alizaliwa Dresden mwaka 1876. Mlima unaofurika watoto wake kila Desemba uliipokea Noeli, kwa sehemu, kwa mikono ya watu hao.

Ukijaliwa kufika huko Desemba, usiondoke kabla ya tarehe 23. Jioni hiyo maelfu ya watu husimama nje, mbele ya Frauenkirche, kwa ibada ya Krismasi. Ibada hiyo ilianza mwaka 1993, na waliokuja siku ile ya kwanza walisali wakikitazama kifusi.