Picha ya Kifua na Hukumu ya Dawa

Kifua kikuu kiliua vizazi na vizazi kabla tabibu hajapata njia ya kuona ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Aliweka sikio, akagonga mbavu kwa kidole, akatazama makohozi, yaliyobaki aliyakisia. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali isiyoonekana, yenye nguvu ya kupenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Kwa kuwa asili yake haikujulikana, aliipa jina la herufi X. Haukupita muda mrefu mapafu nayo yakaanza kupigwa picha, na mashimo yaliyochimbwa na ugonjwa yakaonekana.

Ingedhaniwa kuwa ubishi juu ya dawa ungekoma siku hiyo, maana kilichokuwa cha kukisiwa kiligeuka kuwa cha kuonwa. Lakini kivuli hakisemi. Husemewa na anayekitazama, na mwamba ngoma huvutia kwake. Tabibu aliyemdunga mgonjwa wake dawa kwa miezi mingi hutamani kuona nafuu, na doa la kijivu katika picha humruhusu kuiona.

Mfano wake ni dhahabu. Katika mwaka wa 1924 Holger Møllgaard wa Copenhagen alitangaza chumvi ya dhahabu iliyoitwa sanokrisini, na matabibu wengi wakaipokea kwa furaha. Ndipo Burns Amberson na wenzake, huko Detroit, Marekani, walipochukua wagonjwa 24 wakawagawa katika mafungu mawili ya watu 12 waliolingana, wakarusha sarafu. Fungu moja lilipata dhahabu, la pili lilidungwa maji matupu. Taarifa yao ya mwaka 1931 ilionyesha kwamba dhahabu haikuponya, bali ilidhuru. Kipendacho moyo ni dawa, wahenga walisema. Lakini si kila kipendwacho na moyo wa tabibu ni dawa kwa mgonjwa.

Mwaka 1943 Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, aligundua streptomaisini. Vita vilipokwisha Uingereza ilikuwa na wagonjwa wengi na dola chache, na dawa iliyopatikana kutoka Marekani haikuweza kuwatosha wote. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaamua kwamba, maadamu wengi wangeikosa kwa vyovyote vile, uhaba huo utumike kutafuta ukweli. Mtakwimu wa kazi hiyo alikuwa Austin Bradford Hill, ambaye yeye mwenyewe alishikwa na kifua kikuu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akapoteza nafasi ya kuwa daktari.

Jaribio lilianza Januari 1947. Waliochaguliwa walikuwa vijana wenye ugonjwa mkali katika mapafu yote mawili. Nani apate dawa na nani asipate haikuamuliwa na daktari, bali kwa namba za bahati zilizofungwa ndani ya bahasha. Wagonjwa 55 waliangukia upande wa dawa. 52 waliangukia upande wa kulazwa na kupumzishwa tu, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya kawaida ya siku zile.

Hawa 52 hawakudungwa maji kama wale wa Detroit, kwa kuwa sindano nne kila siku kwa miezi kadhaa zingekuwa mateso bure. Kwa hiyo kinga dhidi ya upendeleo iliwekwa mahali pengine, yaani mbele ya picha. Wasomaji watatu, wawili wao wakiwa mabingwa wa eksirei, walizisoma picha kila mmoja peke yake, bila kujua ni ya mgonjwa wa upande upi. Upofu huo wa hiari ndio ulioipa picha haki ya kuaminiwa.

Baada ya miezi sita, wagonjwa 28 kati ya 55 walionyesha nafuu kubwa katika picha. Upande wa pili walikuwa 4 kati ya 52. Waliokufa upande wa dawa walikuwa 4. Upande wa pili 14. Taarifa ilichapishwa Oktoba 1948. Wale 52 hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio, jambo ambalo kanuni za leo hazilikubali. Kila aisifuye taarifa ile yampasa awakumbuke.

Hata hivyo, picha ya miezi sita haikuwa neno la mwisho. Bakteria walijifunza kuihimili dawa, na miaka mitano baadaye waliokwisha kufa upande wa dawa walikuwa 32, na upande wa pili 35. Macho safi yalikuwa yameona kweli, lakini kweli ya nusu mwaka. Hapo matabibu walifundishwa kuzichanganya dawa, na kumfuata mgonjwa hata baada ya picha kupendeza.

Somo hilo lilifika Afrika Mashariki. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1972, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waligawiwa kwa kura tiba za miezi sita na tiba ya miezi 18. Hukumu ilitegemea zaidi bakteria walioota katika makohozi, na kurejea kwa ugonjwa baada ya dawa kukoma. Ikadhihirika kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi sita yaweza kutosha. Na juu ya msingi huo tiba ya miezi sita ilienea duniani.

Röntgen aliwapa matabibu jicho. Iliwachukua nusu karne kujua kwamba jicho nalo lahitaji mlinzi, na miaka mingine kujua kwamba lahitaji subira.