Redio ya gari kutoka Japani: namna ya kukamata stesheni zetu na kuongeza sauti bila kuing'oa

Ukipanda mchomoko kutoka Rulenge kwenda Ngara mjini, mara nyingi utakuta dashibodi ina redio safi ya kiwandani, lakini dereva anapiga nyimbo za flashi tu. Akijaribu kutafuta stesheni, namba zinapanda hadi 90.0, kisha zinarudi 76.0 na kuanza upya. Abiria anayesubiri taarifa ya habari au matangazo ya vifo hapati kitu.

Wenye magari wengi huamua redio hiyo ni mbovu, wanaing'oa na kununua nyingine. Kwa kawaida redio haina ubovu wowote. Inaweza kubaki mahali pake, ikakamata stesheni zetu na kutoa sauti nzuri, kwa gharama ndogo kuliko ya redio mpya. Makala hii inaeleza hatua kwa hatua, kuanzia zile zisizogharimu kitu.

Kwa nini haikamati?

Hapa Tanzania, kama ilivyo kwa majirani zetu, stesheni za FM hurushwa kati ya 87.5 na 108. Japani ilipanga tofauti. Kwa miaka mingi FM yao ilikuwa kati ya 76 na 90, kwa sababu nafasi ya kuanzia 90 hadi 108 ilitumiwa na chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni ya analojia ilizimwa katika sehemu kubwa ya Japani mwezi Julai 2011, na kuanzia mwisho wa 2014 stesheni za redio zikaanza kutumia nafasi ya 90 hadi 95.

Kwa hiyo gari la zamani kutoka Japani husikia hadi 90 tu, na baadhi ya magari mapya zaidi hufika 95. Stesheni iliyo juu ya hapo haionekani hata ukiegesha chini ya mnara wake.

Kabla ya kutoa pesa, angalia antena

Jaribu kwanza stesheni yoyote iliyo kati ya 87.5 na 90. Ikisikika kwa mikwaruzo, tatizo la kwanza ni antena. Fimbo huvunjika, huibiwa, au hulegea kwenye kitako chake kwa mitikisiko ya barabara. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ndiyo maana ukishuka bondeni kati ya vilima vya Ngara sauti hukatika na ukipanda kilimani hurudi. Antena nzima hupunguza tatizo hilo, ingawa haiwezi kulimaliza.

Ekspanda: kifaa kidogo cha kushusha namba

Kifaa kinachotatua tatizo la masafa ni kidogo kama kiberiti, na mafundi hukiita ekspanda. Huchomekwa kati ya waya wa antena na redio, na huhitaji umeme wa volti 12 na waya wa ethi. Kazi yake ni kupokea stesheni ya juu na kuishusha hadi mahali redio ya Kijapani inapoweza kuisikia.

Kila ekspanda hushusha kwa kiasi maalumu, na mara nyingi kiasi hicho huandikwa juu yake. Chukua namba ya stesheni unayoitaka, toa namba ya ekspanda, na jibu ndilo utakalotafuta kwenye redio. Tuseme ekspanda ni ya 14:

- Stesheni ya 92.0 utaipata 78.0
- Stesheni ya 97.0 utaipata 83.0
- Stesheni ya 103.5 utaipata 89.5

Ekspanda ya 14 hufunika kuanzia 90 hadi 104. Ya 12 hufunika 88 hadi 102, ya 16 hufunika 92 hadi 106, na ya 18 hufunika 94 hadi 108. Kabla ya kununua, andika namba za stesheni tatu au nne unazosikiliza nyumbani, kisha chagua ekspanda inayozifunika zote. Ukisikia stesheni mbili zikigongana mahali pamoja, stesheni yenye nguvu ya chini ya 90 inapenya moja kwa moja. Kubadili ekspanda kwa yenye namba nyingine huondoa mgongano huo.

Njia za simu, bila kufungua dashibodi

Ikiwa redio ina tundu la AUX na simu yako ina redio ya FM ndani, unganisha simu na gari kwa waya wa AUX. Simu nyingi hutumia waya wa hedifoni kama antena, na waya wa AUX mara nyingi hufanya kazi hiyo hiyo. Utasikiliza kupitia spika za gari bila kutumia bando.

Ikiwa hakuna AUX, kuna kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachopokea sauti ya simu na kuirusha kwa FM ndani ya gari. Vingi hurusha kuanzia 87.5 hadi 108, lakini redio yako inaishia 90. Kiweke kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na stesheni. Wengi hukilaumu kifaa hiki kwa kosa hilo moja tu.

Kwa nini usiing'oe?

Redio ya kiwandani mara nyingi imeunganishwa na mambo mengine, kama kamera ya nyuma, vitufe vya usukani, na umeme wa kuipa nguvu antena iliyo kwenye kioo. Fundi akifunga redio mpya na kusahau waya huo wa antena, usikivu huwa mbaya kuliko mwanzo.

Redio zenye ramani zina jambo jingine. Baadhi hujifunga ukitoa kadi yao ya kumbukumbu au ukichomoa betri, na hudai namba ya siri iliyobaki Japani. Usitoe kadi hiyo kwa ajili ya kuwekea nyimbo. Kabla ya fundi kuchomoa betri, muulize kama anaijua aina ya redio yako.

Kuongeza sauti: anza na spika

Redio ya kiwandani kwa kawaida hutoa wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Zinatosha ndani ya gari dogo. Mara nyingi kilichochoka ni spika yenyewe: karatasi yake imekauka, imepasuka, au imejaa vumbi.

Unaponunua spika kwa ajili ya redio ya kiwandani, usidanganywe na wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Tafuta namba ya desibeli, yaani sauti inayotoka kwa wati moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu ya redio mara mbili. Spika ya desibeli 92 itasikika kwa wati 15 kama spika ya desibeli 89 inavyosikika kwa wati 30.

Pima pia kipenyo na kina. Milango ya mbele ya Toyota nyingi huchukua spika ya nchi 6 na nusu, lakini spika nene inaweza kuzuia kioo kushuka. Mwambie fundi ashushe kioo chote kabla ya kufunga mlango. Pete ya kushikia spika iwe ya plastiki, kwa sababu ya mbao huvimba maji ya mvua yanapopita ndani ya mlango.

Kuhakikisha chanya na hasi havijabadilishwa, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja, wakati spika haijaunganishwa na redio. Karatasi ikiruka kuja mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea hata kama spika zote ni mpya.

Amplifaya na sabufa: hapa ndipo gari huungua

Kwa habari, mahubiri na vipindi vya mazungumzo huhitaji sabufa, kwa sababu sauti ya mtu hutoka vizuri kwenye spika za mlangoni. Lakini kama unapenda muziki wenye besi, bado huna haja ya kung'oa redio. Amplifaya nyingi hupokea nyaya za spika moja kwa moja. Zisizopokea huhitaji kifaa kidogo cha kupunguza umeme wa spika kabla haujaingia kwenye amplifaya.

Usiamini wati zilizoandikwa juu yake. Angalia fyuzi zake, kisha zidisha ampea kwa 12. Amplifaya iliyoandikwa wati 2,000 yenye fyuzi ya ampea 25 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 300 kwa muda mrefu, na sehemu ya hizo hupotea kama joto.

Kwenye kufunga, simamia mambo haya:

1. Waya mkubwa utoke kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya hailindi waya. Waya ukichubuka njiani na kugusa bodi, hakuna kitakachouzuia kuwaka.
2. Mahali waya unapopita kwenye bati kutoka kwenye injini kuingia ndani, pawe na mpira.
3. Kwa amplifaya ya ampea 30, tumia waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Kwangua waya kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.
4. Waya wa ethi uwe mfupi na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi.
5. Nyaya za sauti zipite upande mwingine, mbali na waya wa betri. Vinginevyo utasikia mlio unaopanda na kushuka kwa kukanyaga mafuta.

Usikubali nyaya za gari zikatwe. Kwenye Toyota nyingi redio ina soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na kuna soketi za kuunganishia zinazouzwa. Kwa kawaida waya wa kahawia ni ethi, wa kijivu ni umeme wa swichi, na wa bluu wenye mstari wa njano ni umeme wa moja kwa moja. Hata hivyo, fundi apime kwa testa kwanza. Nyaya zilizofunikwa kwa njano ni za mifuko ya hewa ya ajali, na hazipaswi kuguswa kabisa.

Betri na malori

Betri ya ampea 40 kwa saa, mfumo ukivuta ampea 10 huku injini imezimwa, hufika nusu kwa saa mbili. Gari laweza kushindwa kuwaka, hata kama mgonjwa anasubiri kupelekwa Murugwanza. Muziki wa kuegesha gari uwe wa sauti ya chini, au washa injini mara kwa mara.

Fuso nyingi na malori yanayopita Rusumo na Kabanga hutumia volti 24 kutoka betri mbili. Usichukue volti 12 kutoka betri moja, maana moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na utanunua zote mbili. Tumia kipunguza volti, 24 kwenda 12.

Mpango wa pesa kidogo

Mwezi huu angalia antena na ununue ekspanda. Ukipata pesa nyingine, badilisha spika mbili za mbele. Endesha wiki mbili ukisikiliza. Wengi hufikia hapo wakaridhika, na pesa ya amplifaya ikaenda kwenye matairi.