Deni la Maji

Chombo kipya huonekana kabla ya gharama yake kuonekana. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mitambo hiyo nchini, kwa kuwa ilikula fedha nyingi kuliko faida iliyoleta. Amri hiyo baadaye ililegezwa. Hesabu ya siku zile ilikuwa ya shilingi. Ya maji haikuandikwa.

Leo hesabu hiyo haiepukiki. Mtu wa Magole, wilayani Kilosa, ampelekeapo mama yake fedha kwa simu, hudhani fedha zapita hewani tu. Kumbe hupita katika seva, yaani kompyuta zisizolala usiku wala mchana, zilizopangwa safu kwa safu katika majumba kama kituo cha taifa cha data kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam. Seva hula umeme zifanyapo kazi, na umeme mwingine hutumika kuzipoza. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya namna hiyo vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia.

Umeme nao watoka wapi? Mkoa wa Morogoro ni shahidi. Kidatu, maji ya Ruaha Mkuu yamezungusha mitambo tangu 1975. Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mitambo ya megawati 180 ilikamilika mwaka 2000. Katika manyunyu ya maporomoko yake aliishi chura mdogo asiyepatikana pengine popote. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa, manyunyu yalipungua. Maradhi ya kuvu yakafuata. Na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kilisalia kwa wale waliopelekwa Marekani, na wazao wao walirudishwa bondeni mwaka 2012.

Sisemi kwamba seva zilimwua chura. Umeme ule uliwasha taa za hospitali pia. Nasema kwamba kila mwenye kiu mpya hunywa mto ule ule. Mwaka 2006 mabwawa yalipopungua, nchi ilipata umeme kwa zamu. Mwaka 2014 watu wa Magole waliona maji yakizidi, yakabomoa nyumba na kukata barabara ya Dodoma. Mto si mtumishi wa kutegemewa bila kuangaliwa.

Basi kila jengo la seva litangaze hesabu yake ya umeme na maji kabla msingi haujachimbwa. Kihansi msingi ulitangulia, hesabu ikafuata. Na aliyelipa hakuwa amekopa.